Kutunza Ngozi Baridi Inapoanza Kuingia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamekusudiwa kwa wasomaji wanaoishi katika nchi zenye majira manne, hasa Uingereza, nchi za Skandinavia, Kanada na majimbo ya kaskazini ya Marekani. Yanahusu kipindi cha kuanzia Septemba hadi mwisho wa Novemba, majani yanapopukutika na hita kuanza kuwashwa majumbani. Uzito umewekwa kwenye ngozi nyeusi na ya maji ya kunde, kwa kuwa maelezo mengi yanayopatikana madukani katika nchi hizo bado huandikwa kana kwamba kila ngozi ikiumia huwa nyekundu.

Kwa nini ngozi yangu hupauka tangu Oktoba, ilhali baridi kali bado haijafika?

Kinachoikausha ngozi ni upungufu wa mvuke hewani kuliko baridi yenyewe, na upungufu huo huitangulia theluji kwa wiki nyingi. Tabaka la juu kabisa la ngozi limeundwa na seli zilizokufa, zilizoshikamanishwa na mafuta ya aina tatu: seramaidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Kazi ya tabaka hilo ni kuyazuia maji ya mwilini yasipotee. Hata hivyo, hata kwa mtu mwenye afya njema, maji hupenya kidogokidogo usiku na mchana kuelekea hewani, na kadiri hewa inavyokuwa kavu ndivyo yanavyopotea kwa kasi zaidi. Seli za juu zinapokosa maji hukakamaa, kingo zake hubanduka, na mwanga unaozipiga hutawanyika. Weupe unaouona kwenye magoti, viwiko na miundi ni kingo hizo zilizobanduka, nao huonekana waziwazi kwenye ngozi nyeusi kuliko kwenye ngozi nyeupe, ingawa ukavu unaweza kuwa sawa kabisa kwa wote wawili.

Simu yangu inaonyesha unyevu wa asilimia 80 nje. Hewa hiyo itakuwaje kavu?

Asilimia inayoonyeshwa kwenye simu hupima mvuke uliopo ukilinganishwa na mvuke ambao hewa ya joto hilo inaweza kubeba, na hewa ya baridi hubeba mvuke kidogo sana. Chukua hewa ya Dar es Salaam yenye nyuzi 28 za selsiasi na unyevu wa asilimia 75: kila mita moja ya ujazo ina gramu 20 hivi za maji. Hewa ya Leicester, mji wa Uingereza, mwezi Novemba, yenye nyuzi 5 na unyevu wa asilimia 80, ina gramu zipatazo 5 tu, yaani robo ya ile ya Dar es Salaam. Sasa hewa hiyo ya Leicester ikiingia ndani na kupashwa moto na redieta hadi nyuzi 20, maji yake hayaongezeki, lakini uwezo wake wa kubeba mvuke huongezeka, na ile asilimia 80 hushuka hadi kama 30. Ndani ya chumba hicho ndimo unamolala kwa saa nane na kukaa jioni nzima. Ndiyo maana wengi hushangaa kwamba wiki ya kwanza ya kuwasha hita ndiyo inayowaharibia ngozi, wakati matembezi ya nje ya wiki iliyotangulia hayakuwadhuru.

Nimekulia Njombe, baridi naijua. Kwangu mimi pia kuna tofauti?

Ipo. Njombe, Makete, Limuru na miinuko mingine ina baridi ya kweli mwezi wa Juni na Julai, na wenyeji wa huko huzoea kupaka mafuta mazito wakati wa kipupwe. Hata hivyo nyumba nyingi za huko hazina hita ya kupasha chumba kizima mchana kutwa, kwa hiyo hewa ya ndani hukaribiana na ile ya nje. Tabia uliyokuja nayo ni nzuri na inafaa kuendelezwa; kinachopaswa kuongezwa ni uangalifu wa muda unaotumia ndani.

Nibadilishe nini kwanza?

Mambo matatu, nayo yote yako bafuni: joto la maji, sabuni, na wakati wa kupaka mafuta. Bidhaa za hatua saba au nane zinazotangazwa kila Septemba zinaweza kungoja, na nyingi kati yake hutazihitaji kamwe.

Maji yawe ya uvuguvugu, na uoge kwa dakika 5 hadi 10. Najua ugumu wa ushauri huu kwa mtu anayerudi kutoka kazini saa moja jioni akiwa ameganda vidole, lakini maji ya moto huyeyusha na kuondoa yale mafuta yanayoshikilia seli, na raha ya dakika 20 hulipiwa kwa kujikuna usiku kucha.

Sabuni ni jambo la pili. Sabuni ya kipande ya kawaida ina alkali, pH yake (kipimo cha asidi na alkali) ikiwa 9 hadi 10, ilhali uso wa ngozi una asidi kidogo, pH ya takriban 5. Kwenye joto la pwani, mtu akiwa anatoka jasho na hewa ikiwa imejaa mvuke, ngozi hustahimili tofauti hiyo, hapa haistahimili. Tafuta kisafishio kisichokuwa na sabuni halisi, kisicho na manukato, na ukitumie kwenye kwapa, sehemu za siri, nyayo na popote palipochafuka. Mikono, miguu na mgongo wa mtu anayefanya kazi ofisini havihitaji povu kila siku; maji yanatosha. Sabuni zenye dawa ya kuua vijidudu, ambazo familia nyingi zimezizoea tangu nyumbani, hukausha zaidi na ni vyema ziwekwe kando mpaka masika ya huku.

Jambo la tatu ndilo linalopuuzwa zaidi. Baada ya kuoga, jifute kwa kugusisha taulo bila kusugua, ukiacha ngozi na unyevunyevu, kisha upake mafuta papo hapo, ndani ya dakika chache, ukiwa ungali bafuni. Mafuta yoyote mazito hayaleti maji, huyafungia yaliyopo. Ukipaka nusu saa baadaye, ngozi ikiwa imekwisha kukauka, unafungia ukavu.

Losheni, krimu na mafuta ya mgando yanatofautianaje?

Yanatofautiana kwa kiasi cha maji na mafuta. Losheni ina maji mengi, hupakika upesi na hufaa kiangazi. Krimu ina mafuta zaidi na ndiyo inayofaa mwili mzima katika majira haya. Mafuta ya mgando hayana maji kabisa. Hukaa juu ya ngozi na kuzuia maji yasitoke, na kwa kazi hiyo hakuna krimu ya bei ghali inayoyashinda. Ubaya wake ni kunata na kuchafua nguo, kwa hiyo wengi huyaweka kwenye sehemu ngumu peke yake: visigino, viwiko, vidole na midomo.

Unaposoma kibandiko cha krimu, angalia mambo mawili. La kwanza ni kitu kinachovuta maji: gliserini, yurea ya asilimia 5 hadi 10, au asidi ya haialuroni. La pili ni kitu kinachoyafungia: mafuta ya mgando, dimethikoni, siagi ya shea au seramaidi. Kitu kinachovuta maji kikipakwa peke yake kwenye chumba kikavu hakitoshi, na ndiyo sababu seramu za haialuroni huwakatisha tamaa watu wengi mwezi Novemba. Manukato hayana faida yoyote kwa ngozi na ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya mzio wa vipodozi. Krimu isiyonukia, kwenye kopo kubwa la gramu 500, kwa kawaida huwa nafuu na bora zaidi.

Vipi kuhusu mafuta ya nazi, zeituni, ufuta na shea?

Mafuta ya nazi hulainisha na kufungia maji, na kwa mwili mzima hayana tatizo kwa watu wengi. Kwenye uso wa mtu mwenye chunusi huziba vitundu na kuongeza vipele. Kumbuka pia kwamba huganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo chupa iliyokuwa majimaji Agosti itakuwa imeganda Oktoba, hayajaharibika.

Mafuta ya zeituni ni habari nyingine. Utafiti uliofanywa Sheffield nchini Uingereza na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba huidhoofisha ngozi, kwa kuwa yana asidi ya oleiki nyingi inayovuruga mpangilio wa mafuta ya asili, ilhali mafuta ya alizeti hayakuleta madhara hayo kwa watu wazima. Mafuta ya zeituni ni ya jikoni, na mtu mwenye ukurutu asiyapake mwilini hata kama yamesifiwa kwa mengine yote.

Siagi ya shea ni chaguo zuri sana. Ile inayotoka kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini ni laini kuliko ya Afrika Magharibi na hupakika kwa urahisi hata kwenye baridi. Mafuta ya ufuta hayana dosari kubwa, ila harufu yake hukaa kwenye sweta.

Je, niendelee kutumia dodoki, singo na liwa?

Dodoki lipumzishwe. Ngozi inayobanduka hushawishi mtu aisugue ili weupe uondoke, na kweli huondoka kwa saa mbili tatu, kisha hurudi ukiwa umezidi, kwa sababu kilichosuguliwa ni kinga yenyewe. Kama huwezi kuoga bila kujisugua, tumia kitambaa laini cha pamba, mara moja au mbili kwa wiki, na bila kukandamiza. Dodoki likikaa bafuni likiwa limelowa muda wote nalo huota ukungu, jambo ambalo ni rahisi zaidi kutokea katika bafu lisilo na dirisha.

Singo, pamoja na maua na manukato yake, ina chembechembe zinazokwaruza. Itumike kabla ya harusi au sikukuu, kisha mwili upakwe krimu nzito siku hiyohiyo. Liwa ikipakwa na kuachwa ikauke usoni hufyonza mafuta ya ngozi. Mwenye ngozi ya mafuta anaweza kuendelea nayo kwa muda mfupi na kuiosha ingali mbichi. Mwenye ngozi kavu aiache hadi joto lirudi.

Usoni nina chunusi. Je, na mimi nipake krimu nzito?

Usoni kupaka kitu kizito si lazima, lakini kuacha kupaka kabisa ni kosa. Dawa nyingi za chunusi, kama benzoili peroksaidi, asidi ya salisiliki na retinoidi (dawa za jamii ya vitamini A, kama retinoli), hukausha, na hewa ya majira haya huongeza ukali wake. Matokeo yake ni ngozi inayochoma, na kwenye ngozi nyeusi kila penye mwasho panaweza kuacha doa jeusi linalokaa kwa miezi. Wengi wanaochukizwa na madoa kuliko chunusi zenyewe huyapata kwa njia hiyo, kwa kuongeza dawa badala ya kuipunguza.

Punguza siku za kutumia dawa kali: retinoli iliyotumika kila usiku itumike usiku mmoja kwa kuruka mmoja au miwili, na ipakwe juu ya krimu nyepesi ngozi ikiwa kavu. Usianze asidi mpya na retinoidi kwa pamoja. Krimu iwe ile iliyoandikwa kwamba haizibi vitundu, yenye gliserini au seramaidi. Niasinamaidi (aina ya vitamini B3) ikiwemo ni nyongeza nzuri. Mjamzito, au anayetarajia kushika mimba, asitumie retinoidi za aina yoyote.

Jua limepungua. Nahitaji bado kupaka kinga ya jua?

Jibu linategemea mahali ulipo na tatizo ulilonalo. Nguvu ya mionzi ya jua hupimwa kwa kipimo cha UV, ambacho programu nyingi za hali ya hewa hukionyesha, na ushauri wa kawaida ni kujikinga kinapofika 3 au zaidi. Uingereza kipimo hicho kwa kawaida hubaki chini ya 3 kuanzia Oktoba hadi Machi. Minneapolis na Toronto ziko kusini zaidi ya London, kwa hiyo siku za jua mwanzoni mwa Oktoba bado zinaweza kukifikia.

Melanini ya ngozi nyeusi ni kinga ya asili, inayokadiriwa kuwa sawa na SPF (kiwango cha kinga kinachoandikwa kwenye krimu za jua) ya takriban 13, na kwa mtu asiye na tatizo lolote la ngozi mimi sioni haja ya kumlazimisha apake kinga ya jua siku ya mawingu ya Novemba. Mwenye melasma (mabaka meusi ya usoni) au madoa yaliyoachwa na chunusi ni tofauti. Mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, pamoja na mionzi ya UVA inayopenya kioo cha dirisha, huyafanya madoa hayo yakolee. Huyo aendelee mwaka mzima, tena achague kinga yenye rangi, iliyo na oksaidi ya chuma, kwa kuwa ndiyo inayozuia mwanga unaoonekana na wala haiachi weupe usoni.

Na vitamini D?

Hili si suala la ngozi kukauka, lakini huulizwa kila mara, na ni halali, kwa kuwa ngozi ndiyo inayoitengeneza. Huduma ya afya ya Uingereza hushauri kila mtu mzima afikirie kumeza mikrogramu 10, sawa na IU 400, kila siku katika majira ya kupukutika kwa majani na baridi, na humshauri mtu mweusi afikirie kufanya hivyo mwaka mzima. Marekani na Kanada kiwango kinachopendekezwa kwa mtu mzima wa hadi miaka 70 ni IU 600 kwa siku, kikijumuisha kile kinachotoka kwenye chakula. Mtu mzima asizidishe IU 4,000 kwa siku bila kuagizwa na daktari.

Magaga, mikono inayochanika na midomo mikavu: nifanyeje?

Magaga huanza kimyakimya Septemba, mtu anapokuwa bado na kandambili ndani ya nyumba, na kufikia Novemba visigino huwa na nyufa zinazotoa damu. Loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 10, sugua taratibu kwa jiwe la kusugulia miguu, kausha, paka krimu yenye yurea ya asilimia 10 hadi 25, kisha funika kwa mafuta ya mgando na uvae soksi za pamba hadi asubuhi. Usikate ngozi kwa wembe. Mwenye kisukari asisugue wala kukata chochote mwenyewe. Amwone mtaalamu wa miguu, kwani kidonda kidogo kwake kinaweza kuwa kikubwa bila yeye kuhisi maumivu.

Mikono ya wauguzi, wapishi na wasafishaji huumia kuliko ya wengine, na kazi hizo ndizo wanazofanya wengi wetu. Vaa glavu kila unaposhika sabuni ya vyombo au dawa za kusafishia, na chini yake glavu nyembamba za pamba kama kazi ni ndefu. Pale ambapo mikono haina uchafu unaoonekana, kitakasa mikono chenye spiriti na gliserini huudhi ngozi kidogo kuliko kunawa kwa sabuni mara kwa mara, ingawa huchoma kikigusa mchubuko. Anayetia udhu mara tano kwa siku afute mikono na miguu ikauke kila mara, hasa katikati ya vidole, na apake krimu baadaye; kuacha maji yajikaukie yenyewe ndiko kunakochanisha.

Midomo: mafuta ya mgando, na kuacha kuilamba. Dawa za midomo zenye mentholi au mdalasini huchoma, na mchomo huo humfanya mtu apake tena na tena.

Mtoto wangu ana ukurutu, na kila baridi ikianza huzidi. Kuna jambo la kubadilisha?

Kwanza, uutambue mapema. Kwenye ngozi nyeusi ukurutu mara nyingi hauwi mwekundu: huonekana kwa rangi ya kahawia iliyokoza, kijivu au zambarau, au kama vipele vidogovidogo vilivyozunguka vinyweleo, vinavyohisiwa kwa vidole kabla ya kuonekana kwa macho. Mzazi akipitisha kiganja mgongoni na kwenye tumbo la mtoto kila jioni atagundua mapema kuliko akingoja kuona wekundu. Ukimpeleka kwa daktari, mweleze kwamba mtoto hujikuna na halali vizuri, kwa maana ukali wa ugonjwa kwenye ngozi nyeusi hukadiriwa chini mara nyingi.

Paka krimu isiyo na manukato mara mbili kwa siku au zaidi, mwili mzima, hata mahali pasipo na vipele. Mtoto mwenye ukurutu uliosambaa anaweza kumaliza gramu 250 hadi 500 kwa wiki, kiasi ambacho huwashtua wazazi waliozoea kopo dogo kudumu mwezi. Dawa ya steroidi (inayotuliza uvimbe na mwasho wa ngozi) aliyoandikiwa na daktari itumike kama ilivyoagizwa. Kuiogopa na kuiacha katikati husababisha mateso zaidi ya inavyostahili. Mafuta ya kumwaga kwenye maji ya kuogea hayana haja: jaribio lililofanywa England na Wales na kuchapishwa mwaka 2018, likihusisha watoto zaidi ya 480, halikuona manufaa yake ya maana. Vilevile kifaa cha kulainisha maji magumu ya bomba, kinachouzwa kwa bei kubwa, kilijaribiwa na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2011, na hakikuwapa watoto nafuu ya ukurutu.

Nguo ya kugusana na ngozi iwe ya pamba, sweta la sufu livaliwe juu yake.

Mama yangu amekuja kutembea, na miundi yake imepasukapasuka. Ni nini?

Kwa watu wa umri mkubwa ngozi ina mafuta machache, na miundi ndiyo hutangulia kuonyesha hali hiyo: hupasuka kama udongo wa mbuga baada ya mvua kukatika. Ni aina ya ukurutu wa ukavu. Mwondolee sabuni miguuni kabisa, mpake mafuta mazito asubuhi na jioni, na kiti chake kisogezwe mbali na hita, kwani wageni wetu hupenda kuikaribia. Pasipokuwa na nafuu baada ya wiki mbili, au pakianza kutoa majimaji, apelekwe kwa daktari.

Nawashwa usiku. Nitajuaje kama ni ukavu au upele?

Swali hili lina umuhimu mkubwa, kwa kuwa watu hupaka krimu kwa miezi huku upele ukienea nyumba nzima. Ukavu huwasha zaidi miundi, mapaja, mgongo na mikono, na hutulia mafuta yakipakwa. Upele husababishwa na vidudu vidogo vinavyochimba ngozi. Huwasha kupita kiasi usiku, na hukaa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni, kuzunguka chuchu na sehemu za siri. Dalili kubwa kuliko zote ni kwamba mtu wa pili katika nyumba, au unayelala naye kitanda kimoja, naye ameanza kujikuna.

Tiba ya kawaida ni krimu ya pemetrini ya asilimia 5, inayopakwa mwilini kote kama mfamasia au daktari atakavyoelekeza na kurudiwa baada ya siku 7. Wote wanaoishi pamoja hutibiwa siku moja, wawe wanawashwa au la, na mashuka na nguo hufuliwa kwa maji ya nyuzi 60. Hakuna aibu katika hili. Upele hauchagui msafi.

Nikinywa maji mengi zaidi, ngozi italainika?

Kama huna kiu na mkojo wako si wa njano iliyokoza, hapana.

Ninunue kifaa cha kuongeza unyevu?

Kabla ya hapo, nunua kipima unyevu, ambacho ni cha bei ndogo, ukiweke chumba cha kulala kwa wiki moja. Unyevu unaofaa ndani ni kati ya asilimia 30 na 50. Nyumba nyingi za kupanga za Uingereza zina tatizo la kinyume: nguo hukaushiwa ndani, madirisha hutoka jasho na ukungu hupanda ukutani, na kuongeza mvuke humo ni kuongeza ukungu. Huko Minnesota au Alberta, ambako hewa ya nje hukauka zaidi na nyumba hupashwa kwa kupuliza hewa moto, kifaa hicho kina kazi. Kioshwe kama maelekezo yake yanavyosema na maji yabadilishwe kila siku, la sivyo kitakuwa kinapulizia vijidudu. Bakuli la maji juu ya redieta, dawa inayopendwa sana, husaidia kidogo mno. Kushusha joto la chumba kwa nyuzi mbili husaidia zaidi na hupunguza bili.

Nimekuwa nikitumia krimu ya kung'arisha. Je, baridi ina athari?

Ina athari kubwa. Mkorogo na krimu nyingi za kuchubua huwa na steroidi kali, haidrokwinoni au zebaki. Steroidi ikitumiwa kwa muda mrefu huikondesha ngozi, na ngozi iliyokonda hupoteza maji upesi, huchanika na huchelewa kupona, ndiyo maana wengi hugundua madhara majira haya. Krimu ya steroidi usiiache ghafla peke yako ikiwa umeitumia kwa miezi, kwa sababu ngozi inaweza kulipuka kwa mwako na vipele; mwone daktari, umpelekee kopo lenyewe. Zebaki ni sumu kwa figo na kwa mtoto aliye tumboni, na huenea kwenye taulo na mito, kwa hiyo hiyo iachwe mara moja na usaidizi utafutwe siku hiyohiyo. Haidrokwinoni Uingereza na Marekani hupatikana kwa maagizo ya daktari tu. Ukiikuta imewekwa wazi kwenye rafu ya duka la mtaani, hiyo peke yake ni onyo.

Kuna hatari yoyote katika krimu nzito zenyewe?

Ipo moja ambayo wachache wanaijua. Mafuta na krimu za ngozi zikilowea kwenye nguo, mashuka au bandeji na kukauka, kitambaa hicho hushika moto haraka kuliko kawaida, na mamlaka ya dawa ya Uingereza imetoa onyo kuhusu jambo hilo, likihusu krimu za aina zote, zenye parafini (mafuta yanayotokana na petroli, kama yale ya mgando) na zisizo nayo. Kufua hupunguza mafuta lakini hakuyamalizi. Mvuta sigara aliyepakwa krimu kitandani ni mfano unaotajwa mara nyingi. Kwetu sisi uongezwe mwingine, wa kufukiza nguo kwa udi au ubani. Khanga aliyolalia mtu mwenye ukurutu isitandazwe juu ya chetezo chenye makaa, na anayefukiza nywele asijifunike shuka lililolowa mafuta.

Ni lini nimwone daktari?

Ngozi ikitoa usaha au majimaji ya manjano, ikiwa ya moto na kuvimba, au ikiambatana na homa, nenda siku hiyohiyo. Malengelenge madogo yanayouma na kuenea kwa kasi kwa mtu mwenye ukurutu pia hayangoji. Kuwashwa kwa mwili mzima bila vipele, kunakodumu wiki kadhaa licha ya kupaka krimu vizuri, huhitaji vipimo vya damu, kwa kuwa ini, figo na tezi ya shingo zinaweza kuwa chanzo. Mabaka yanayovimba kila unapotoka kwenye baridi huenda yakawa mzio wa baridi. Mwenye hali hiyo asiogelee maji ya baridi kabla hajaonwa na daktari.

Losheni na kinga ya jua zilizobaki tangu kiangazi nizitupe?

Si lazima. Geuza chupa utafute mchoro wa kopo lililofunguliwa kifuniko, lenye maandishi kama 6M au 12M. Hiyo ni idadi ya miezi ambayo bidhaa hufaa tangu ifunguliwe. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu ya wino chini ya chupa. Kinga ya jua iliyoachwa kwenye gari Julai nzima itupwe, tarehe yoyote iwayo, na losheni iliyojitenga maji na mafuta au kubadilika harufu vivyo hivyo. Zilizosalia zihifadhiwe kabatini, mbali na redieta.